Mapumziko ya Viazi

Ijumaa, 12 Septemba

Leo tumefunga jiko la shule. Nimesugua masufuria makubwa, nimezima friji zote mbili, nimewaaga watoto waliobaki wakigombea keki ya mwisho. Mwalimu mkuu kaniambia, "Tuonane viazi vikiisha, Jocelyne," kama walivyosema wakuu wote waliomtangulia. Wiki tatu za mapumziko. Katika bonde hili la mpakani na Kanada neno mapumziko lina maana moja tu, kufunga shule tukavune viazi, nayo haihusiani na kupumzika hata kidogo. Kuanzia Jumatatu nitakuwa juu ya mashine ya shemeji yangu Normand, nikitoa mawe kwenye viazi.

Mwaka huu nina jambo langu, ndiyo maana naandika. Nataka nafasi ya uuguzi katika chuo cha jamii, kile cha kusini mwa kaunti, mwendo wa saa moja kwa gari. Masomo yanaanza Januari. Yale ya awali nimeyamaliza jioni jioni, kwa majira matatu ya baridi, baada ya kuwalisha watoto wa watu mchana kutwa. Umebaki mtihani wa kuingia tu. Bi Haskell wa ofisi ya udahili aliniambia kwa simu, "Ni Alhamisi ya kwanza baada ya mapumziko." Nimeizungushia tarehe tisa Oktoba kwenye kalenda ya jikoni. Nina miaka arobaini na moja, na wenzangu wengi watakuwa na umri wa kunikubali kama mama yao. Basi na wanikubali.

Jumapili, 14 Septemba

Baada ya misa tulikula kwetu: ploye, zile chapati zetu laini zinazoiva upande mmoja bila kugeuzwa, na maharage, kama kila Jumapili. Humu ndani tupo watatu, mimi, mume wangu Réal, na mama yake, Mama Alphonsine, ila Réal anashinda wiki nzima msituni na lori lake la magogo na huonekana Ijumaa jioni. Normand, kaka yake, anakaa ng'ambo ya barabara, na pua yake inajua ploye zimeiva kabla ya mpishi mwenyewe.

"Daktari hajambo?" akasema akivuta kiti.

"Muuguzi, shemeji."

"Haya, muuguzi. Nitazame mgongo."

"Mgongo wako hauna ugonjwa. Una uvivu."

Réal kacheka mpaka kapaliwa. Mama hakucheka. Alikuwa amesimama jikoni akimimina uji wa ploye kwenye chuma cha moto, akasema bila kugeuka, "Na nani atapika humu ndani mwenzetu akienda shule?"

"Mama, si kila siku unanifukuza jikoni?"

"Nakufukuza kwa sababu upo. Usipokuwepo nitamfukuza nani?"

Moyoni nimechemka. Bibi huyu nimeishi naye miaka kumi na minane na bado ananihesabu kama sufuria yake ya ziada.

Dada yangu Lorraine, anayeishi Bangor, kapiga simu jioni na wimbo wake uleule: njoo usome huku, chuo cha jamii kipo, chumba cha wageni kipo. Chuo kikuu cha hapo juu mtoni nacho kizuri, ila ni miaka minne na sina miaka minne ya kuchezea. Halafu kuna kile chuo cha kwenye kompyuta, kinanipigia simu kila siku kama mchumba mwenye njaa, na hakijaniuliza hata mara moja kama najua kuhesabu. Mimi nimekwisha kuchagua. Nataka hiki cha karibu, niende asubuhi, nirudi jioni, nilale kwangu.

Jumatatu, 15 Septemba

Mawe.

Jumatano, 17 Septemba

Mawe, na mabua, na fuvu la paka. Mkanda unapita mbele yetu, viazi vinapita, na mikono inachukua kisichokuwa kiazi na kukitupa pembeni. Upande wangu nipo na Ghislaine, shoga yangu tangu darasa la kwanza. Mashine inanguruma, kwa hiyo anauliza kwa kupiga kelele.

"Moyo una vyumba vingapi?"

"Vinne!"

"Na wa Normand?"

"Ghala moja tu, la viazi!"

Normand kageuka kwenye trekta kutuangalia. Hakusikia, nadhani.

Jumamosi, 20 Septemba

Réal yupo. Kaniuliza maswali ya hesabu za dawa huku anakata kucha. Kalala kabla sijajibu la tatu.

Alhamisi, 25 Septemba

Siku nzuri kuliko zote za mwaka huu. Udongo mkavu, jua laini, malori yanaondoka yamejaa na kurudi matupu bila hata moja kukwama. Ghislaine kaimba. Hata Normand kagawa biskuti. Nilisimama juu ya ile mashine nikiona mto na milima ya Kanada, nikamshukuru Mungu kwa sauti kwamba leo nipo hapa na si mahali pengine popote.

Jumanne, 30 Septemba

Sijui nianzie wapi.

Mvua ilianza saa nne, Normand akasimamisha kazi, nikarudi nyumbani mapema. Nikasema, basi nimpigie Bi Haskell nimuulize mtihani unahitaji kitambulisho gani.

"Bi Jocelyne," akasema, "tulikungoja Alhamisi iliyopita."

Nikacheka. Kweli nilicheka, nikadhani ananichanganya na mtu. "Alhamisi iliyopita tulikuwa bado kwenye mapumziko."

"Mapumziko yaliisha tarehe kumi na tisa."

"Ya wapi?"

"Ya chuo. Wiki moja. Ni mwaka wa tano sasa tunafunga wiki moja tu. Siku hizi mashine ndizo zinazovuna, wanafunzi hawaendi tena mashambani."

Nilikuwa na udongo wa shamba mpaka masikioni. Nikataka kumwambia mashine hazitoi mawe zenyewe, mawe yanatolewa na akina sisi, lakini ningekuwa namgombeza mtu asiye na kosa. Hakunidanganya. Alisema mapumziko, nami nikasikia mapumziko. Mimi mama mzima nimefunga na kufungua shule kwa viazi tangu nina miaka sita, haikunipitia hata siku moja akilini kwamba ndani ya kaunti hiihii kuna mtu anaweza kulitamka neno hilo na kumaanisha wiki moja. Wapo wazee hapa hawajui tarehe ya sikukuu ya taifa, lakini waulize shule inafungwa lini kwa ajili ya viazi!

Bi Haskell hakukata simu. Akaniambia ngoja. Nikasikia karatasi, nikasikia anaongea na mwenzake. Akarudi: umebaki mtihani mmoja kabla ya majina kupitishwa, hauko kwake, uko Bangor, Jumanne tarehe saba, saa saba mchana. Alikuwa ameshaniandikisha kabla sijajibu. "Matokeo yatanifikia hata huku," akasema. "Wewe nenda tu."

Nimemshukuru sana. Bangor ni mwendo wa zaidi ya saa tatu, lakini siku ni siku. Nitamwomba Normand ruhusa kesho.

Jumatano, 1 Oktoba

Mvua. Sikumwomba.

Alhamisi, 2 Oktoba

Mvua. Normand anazunguka ukingoni mwa shamba akichoma kidole kwenye matope kama anayepima keki.

Ijumaa, 3 Oktoba

Mvua. Shule imeongeza wiki nzima ya mapumziko kwa sababu karibu theluthi ya viazi vya bonde bado iko chini. Nimemwambia Ghislaine habari ya mtihani, yeye peke yake. Kasema, "Mwambie Normand." Nikasema nitamwambia.

Jumapili, 5 Oktoba

Mvua imekatika wakati wa misa. Redio inasema Jumatatu upepo, Jumanne jua kavu, na usiku wa Jumanne jalidi ya kuua. Kiazi kikigandia ardhini ni uji. Kwa hiyo siku ya kuvuna ni moja tu, na ndiyo siku yangu.

Normand kaja kula, hakugusa hata maharage. Katuangalia mmoja mmoja. "Jumanne sitaki mtu augue, azae wala afe," akasema. "Nina mikono minane juu ya mkanda. Ikipungua miwili, mawe yanaingia ghalani na mzigo wote unakataliwa."

Nikafumba mdomo wangu hapohapo. Nilikuwa na hasira naye, nasema kweli, hasira ya kumwona anatuhesabu mikono badala ya watu. Lakini shamba lile alilima baba yake, na Réal analipenda kuliko lori lake. Ningesemaje?

Tulipokuwa tunaosha vyombo Mama akaniambia, bila kuulizwa, "Nilizaa watano. Watatu walipata vyeti. Kila aliyepata cheti katika nyumba hii alipewa na ramani ya kuhamia Connecticut. Wanatuma kadi za Krismasi, nzuri, zina picha za watoto nisiowajua." Akaikausha sahani ambayo ilikuwa imeshakauka. "Waliobaki ni wawili wasiopenda shule. Na wewe."

Miaka kumi na minane nimedhani bibi huyu ananionea choyo. Kumbe anaogopa nisije nikaondoka. Nimekwenda chumbani nikalia kidogo, kisha nikaamua: mwakani. Mtihani upo na mwakani.

Jumanne, 7 Oktoba

Naandika kwa Lorraine, Bangor, kitandani kwenye chumba cha wageni. Naandika yote, nisije nikasahau hata moja.

Asubuhi nilipanda mashine kama wengine. Ghislaine hakuniongelesha, akawa anatupa mawe kwa nguvu kama ananitupia mimi. Jua lilikuwa limeshapanda kidogo tulipoona gari la Mama linakuja katikati ya shamba. Si kandoni, katikati, juu ya matuta, linayumba kama ng'ombe mlevi. Likasimama mbele ya trekta. Normand akakanyaga breki, mkanda ukasimama.

Mama akashuka. Amevaa koti lake la kanisani, lile la bluu, na miguuni viatu vya shambani vya marehemu baba mkwe, na glavu. Ana miaka sabini na mitatu.

"Shuka," akaniambia.

"Mama, unafanya nini?" Normand akapiga kelele.

"Sisemi na wewe. Jocelyne, shuka, una mtihani. Ghislaine kanieleza jana kila kitu, Mungu ambariki kwa umbea wake."

"Mama, kuna jalidi leo usiku," nikasema. "Mwakani nitafanya."

"Mwakani nitakuwa nimekufa, na mwakani pia kutakuwa na viazi." Akawa ameshashika ngazi, anapanda. "Mzee wangu alikufa kule hospitali ya kusini anasema frette, frette, usiku kucha, na wale watoto wazuri waliomwuguza wakadhani anamwita mtu. Mtu anasema anasikia baridi, hakuna wa kumletea blanketi! Unataka niseme zaidi mbele za watu? Shuka."

Hatujawahi kuuzungumza usiku ule katika nyumba yetu. Hata Réal. Mzee Kiingereza chake kilimtoka mwishoni, kikabaki Kifaransa chetu hiki cha mtoni, na tulipofika asubuhi mikono yake ilikuwa barafu. Mimi tangu siku hiyo nimetaka uuguzi, nikadhani ni siri yangu. Kumbe bibi aliijua muda wote, alikuwa anaipima tu na hofu yake.

Normand alishuka kwenye trekta. Nikajua sasa vita. "Mama, huwezi kusimama hapo mpaka jioni," akasema.

"Nimeokota viazi kwa mkono na kikapu kabla hujatungwa. Wewe mwenyewe nusura nikuzalie kwenye mtaro ule pale, na baada ya wewe kuzaliwa nikamalizia mstari. Rudi kwenye usukani wako."

Ghislaine kainama chini ya mkanda ili asionekane anacheka. Normand akaangalia juu angani, akaniangalia mimi. Halafu akatoa funguo mfukoni. "Chukua gari langu," akasema. "Hilo lako halifiki hata Houlton, katikati ya njia." Nilipozipokea akazishika kidogo bado. "Shemeji, kwa nini hukuniambia?"

"Ulisema mikono minane."

"Nilisema, ndiyo. Mtu huwa anasema vitu." Uso wake ulikuwa mwekundu mpaka shingoni. "Nenda basi. Na ukifeli gari langu liache hukohuko, urudi kwa miguu."

Nikaenda. Sikubadilisha hata nguo. Niliingia kwenye chumba cha mtihani nanuka udongo na dizeli, katikati ya wasichana wenye nywele zilizochanwa, na msimamizi akanitazama viatu lakini akanionyesha kiti. Hesabu zilikuja nyepesi. Kusoma kukaja kwepesi. Kwenye sayansi niliulizwa kuhusu moyo, nikakumbuka Ghislaine, nikajikuta natabasamu peke yangu mbele ya kompyuta. Nilipomaliza ikanipa alama palepale. Nikamwita msimamizi aje athibitishe kwamba ni zangu. Akasema ni zangu, na kwamba hajaona nyingi za namna hiyo mwaka huu.

Lorraine kapika ploye kunipongeza. Kazigeuza upande wa pili, kama chapati za dukani! Kaishi kusini mno dada yangu. Nimezila zote hata hivyo.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimerudi. Nyasi nyeupe njia nzima. Walivuna mpaka taa za mashine zikawa ndizo mwanga pekee, wakabakiza kishamba cha kando ya mto. Kimeganda chote.

Nilimwambia Normand pole, ningekuwepo wangekimaliza. "Kile kilikuwa na mawe tu," akasema, na sote wawili tunajua si kweli. Akaniuliza alama, nikamwambia. Akaenda kumwambia kila mtu ghalani, akiongeza alama moja au mbili kila anaposimulia.

Mama yuko kitandani, mgongo umekataa. Nimemkanda mafuta. Kasema nina mikono migumu, na nisiache.

Alhamisi, 9 Oktoba

Kwenye kalenda bado kuna duara langu. Mama kachora ndani yake macho mawili na mdomo unaocheka.

Jumatatu, 13 Oktoba

Shule imefunguliwa. Supu ya kuku, watoto mia mbili, wote wana mikono ya viazi.

Jumanne, 21 Oktoba

Bi Haskell kapiga simu jikoni kwenyewe. Sauti yake nimeijua kabla hajamaliza salamu. Nafasi nyingi zilikwenda kwa waliofanya mtihani ule wa Septemba. Mimi ni wa tatu kwenye orodha ya kusubiri. "Wa tatu ni karibu sana," akasema. "Miaka mingine anaingia, miaka mingine haingii." Kaongea nami kwa upole mpaka ikawa mimi ndiye namliwaza yeye. Nimemshukuru, na nimeshukuru kwa moyo, kwani asingenitafutia ile siku ya Bangor nisingekuwa hata wa mia.

Alhamisi, 23 Oktoba

Chuo cha Bangor wamepiga simu. Wanafunzi wawili wamejitoa, msimamizi aliwatajia jina langu, na wana nafasi yangu kuanzia Januari. Si orodha, nafasi. Wanataka jibu Jumatatu.

Nimesimama na simu mkononi mpaka mchuzi ukaungua.

Mwaka mmoja na nusu, kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, kwenye chumba cha wageni cha Lorraine. Ama nikae hapa na nafasi yangu ya tatu, nisubiri watu wawili wakate tamaa. Ningekuwa peke yangu duniani nisingefikiri hata dakika. Lakini kila nikifumba macho namwona yule bibi anaikausha ile sahani kavu.

Ijumaa, 24 Oktoba

Nimemwambia Réal akiwa bado hajavua buti. Kasema, "Mimi nimerudi kila Ijumaa miaka kumi na minane. Kuna Ijumaa uliyoniona sikurudi?"

"Theluji ya mwaka ule."

"Nilirudi Jumamosi." Akanibusu kichwani. "Nitajifunza kupika kitu. Mama ndiye wa kuambiwa, si mimi."

Jumapili, 26 Oktoba

Nilikuwa nimepanga maneno kanisani, nikakosa hata kuisikia injili. Ploye zilipokuwa mezani nikayasema yote kwa mkupuo, Bangor, Januari, Ijumaa jioni, na kwamba kama Mama hapendi nitasubiri hapa, sitakuwa na kinyongo, nasema kweli.

Normand akaacha kutafuna. Mama akaendelea kupaka siagi, pole pole, mpaka kingo zote.

"Wale watatu," akasema, "waliniaga. Waliniaga vizuri, kwa mabusu, mlangoni pale. Mtu akikuaga utamfanya nini? Unampungia mkono. Wewe sitaki uniage."

"Basi siendi, Mama."

"Nani kasema huendi? Sikiliza vizuri, msomi. Wewe nakutuma. Nenda Bangor ukaniletee uuguzi, uuweke kwenye hospitali yetu hapo, pawe na mtu anayejua frette ni nini. Aliyeaga anaweza kupotea. Aliyetumwa hurudi, maana kuna mtu anasubiri alichotumwa."

Réal akashika mkono wangu chini ya meza. Nililia, bila kwenda chumbani safari hii, palepale mbele ya maharage, na Mama akasema nisiyatie chumvi, yamekolea.

Jumatatu, 27 Oktoba

Nimepiga simu Bangor wakati wa mapumziko ya saa nne. Dada wa udahili kauliza kama naikubali nafasi.

"Nimetumwa nije," nikasema.

"Samahani?"

"Naikubali," nikasema. "Naikubali."